Maswali ya Wasomaji: Nailoni ya Sakafu na DPC ya Ukuta wa Mbao Zikutane Wapi?

Barua nyingi za safari hii zinahusu nyumba za fremu ya mbao juu ya slabu ya zege. Tumechagua tano. Katika majibu yetu, "nailoni" ni ile karatasi nyeusi inayotandikwa chini ya slabu, "DPC" ni ukanda wa kuzuia unyevu unaolazwa chini ya ukuta, na "mbao ya chini" ni ile inayolala juu ya slabu na kubeba nguzo zote za ukuta.

Ndugu Mhariri, najenga Utawala, Nairobi, nyumba ya mbao ya mita 8 kwa 6. Ukuta wa msingi wa mawe umekamilika, mawe ya kujazia yameshindiliwa, na zege litamwagwa baada ya wiki 2. Fundi anasema nailoni inaishia upande wa ndani wa ukuta wa msingi, na DPC italazwa baadaye juu ya slabu. Nilimuuliza zinaungana wapi, akasema haziungani kwa sababu kila moja ina kazi yake. Je, ni kweli? – Msomaji, Utawala

Si kweli, na bahati yako ni kwamba zege bado halijamwagwa.

Fuata njia ya maji. Udongo mweusi wa upande huo wa mji hunywa mvua ya masika na kukaa nayo muda mrefu. Jiwe la msingi huyafyonza maji hayo, nayo hupanda kupitia vitundu vidogo jinsi mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Nailoni ikiishia ndani ya ukuta wa msingi, slabu inabaki imekalia jiwe tupu kwa upana wa milimita 200 kuzunguka nyumba nzima. Unyevu utatoka kwenye udongo ukaingia jiwe, ukatoka kwenye jiwe ukaingia ukingo wa slabu. DPC itauzuia usipande moja kwa moja kwenye mbao, lakini haitaurudisha ulikotoka. Utasogea ndani ya zege na kutokea kando ya DPC, kwenye skridi (tabaka la mchanga na saruji linalosawazisha sakafu), chini ya vigae, na nyuma ya ubao unaozunguka sakafu. Kutoka hapo ni hatua moja tu kufika kwenye nguzo za ukuta. Mbao inayokaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 ni makao ya kuvu wa kuoza, hata ikiwa ilinunuliwa ghali.

Wengine hukosea kinyume chake: wakishatandika nailoni nzuri wanaona DPC haina haja. Ina haja. Slabu mpya imejaa maji yake yenyewe, yale yaliyochanganyiwa kwenye saruji na yale ya kumwagilia. Slabu ya milimita 100 yenye nailoni chini inakauka kwa upande wa juu peke yake, na inaweza kuchukua zaidi ya miezi 5. Hakuna anayesubiri muda huo kabla ya kusimamisha ukuta. Kwa hiyo zote mbili zinahitajika, na zinahitaji kuwa kitu kimoja kama sinia lenye kingo: nailoni ni kitako cha sinia, mkunjo wake ni ukingo, na DPC ni mdomo wa ukingo huo.

Fanya hivi. Juu ya mawe ya kujazia tandaza vumbi la kwari la unene wa milimita 50, limwagiwe maji na kushindiliwa mpaka ukipitisha kiganja usihisi ncha ya jiwe. Matundu mengi ya nailoni hutokana na kurukwa kwa hatua hii. Dawa ya mchwa ikinyunyizwa, inyunyizwe hapa, na nailoni ifuate siku hiyohiyo kabla jua au mvua haijaipunguza nguvu.

Nunua nailoni ya geji 1000, yaani unene wa robo milimita. Ya geji 500 ni nusu ya unene huo, na haihimili gumboti na wilbaro. Itandike ikiwa imelegea kidogo, usiivute ikakaza, kwa sababu iliyokazwa hupasuka zege linapoishukia. Ipitishe juu ya ukuta wa msingi kwa upana wake wote hadi uso wa nje, kisha ipande ndani ya mbao za kuzuia zege na kukunjwa nje juu yake, ishikwe kwa misumari midogo upande wa nje wa mbao hizo. Zege litakapomwagwa litaisukuma nailoni ikae sawasawa na ukingo wa slabu. Kwenye pembe usikate. Ikunje kama bahasha. Pembe iliyokatwa huwa haizibiki tena vizuri, na pembe ndipo maji ya paa hupenda kushukia.

Hesabu yako ni hii. Ukingo wa slabu tuchukue ni milimita 150, mkunjo wa kulala juu ya slabu 150, na 100 za kulegeza, jumla milimita 400 kila upande. Unahitaji eneo la mita 8.8 kwa 6.8. Kwa roli ya upana wa mita 4, vipande 2 vinavyopandana milimita 300 vinakupa mita 7.7, vinatosha, nunua mita 18. Kwa roli ya mita 3, vipande 2 vinakupa mita 5.7 tu, kwa hiyo utahitaji 3, mita 27. Pima upana dukani ukiwa umeikunjua, kwa sababu nyingine huuzwa ikiwa imekunjwa mara mbili.

Mahali bomba la choo au la maji linapopenya, kata alama ya msalaba iliyo ndogo kuliko bomba, pitisha bomba, zile ndimi nne zisimame, kisha zungushia kipande kingine cha nailoni na tepu. Wavu wa vyuma (BRC) uinuliwe kwa biskuti za zege, usiwekwe juu ya vipande vya mawe vyenye ncha. Weka mbao za kupitishia wilbaro. Na usiruhusu mtu aitoboe nailoni "ili zege likauke haraka". Maji yanayotoka humo pamoja na uji wa saruji hulidhoofisha zege, na matundu yanabaki milele.

Kitu kimoja ukihakikishe na mhandisi kabla: nailoni inayopita juu ya ukuta wa msingi hutenganisha slabu na jiwe. Kwa nyumba nyepesi ya ghorofa moja kwa kawaida hilo si tatizo, lakini kama mchoro unaonyesha vyuma vinavyotoka ukutani kuingia kwenye slabu, lazima kila chuma kizungushiwe mastiki, ile gundi laini ya kuzibia, mahali kinapotoboa.

Zege likishashika na mbao za pembeni kuondolewa, utabaki na ulimi wa nailoni umesimama kuzunguka nyumba. Ufunike kwa mabanzi au magunia mara moja. Jua la Nairobi huila nailoni. Ikiachwa wazi miezi michache itavunjika vipande mkononi, na hapo kiungo chote kitakuwa kimepotea hata kabla ya ukuta kusimama.

Siku ya kusimamisha ukuta, fagia ukingo wa slabu, ufute kwa kitambaa, kisha laza ulimi wa nailoni juu ya slabu kwa milimita 150. Juu yake pitisha mstari wa tepu ya butili (mpira laini unaonata) ya pande mbili, milimita 40 hivi kutoka ukingo wa nje, mfululizo bila kukatika. Juu ya tepu laza DPC ya upana wa inchi 9. Itokeze nje milimita 10 kupita ukingo, ipite chini ya mbao ya chini, na sehemu inayobaki ndani iinuke kwenye ubavu wa mbao hiyo. Usiikate mkunjo huo wa ndani mapema. Skridi itakapomwagwa huwa ni uji, na bila mkunjo huo uji unagusa mbao na kuilowesha wiki nzima. Vigae vikishakwisha ndipo ukate kilichozidi, usawa wa sakafu.

DPC ikiungana na DPC, zipandane milimita 150 kukiwa na tepu katikati. Kwenye pembe zipandane upana mzima. Kwa mzunguko wako wa mita 28, na kuta za ndani tuseme mita 10, nunua mita 42. Ndiyo, kuta za ndani nazo zinahitaji DPC, kwa sababu ya yale maji ya zege lenyewe. Mlangoni DPC inaweza kukoma kwenye miimo, lakini nailoni ya chini ipite bila kukatwa, na ulimi wake ulale chini ya kizingiti.

Bolti ndizo zinazotoboa kila kitu ulichofanya, kwa hiyo zihesabu kwa uangalifu. Bolti za milimita 12, zilizochovywa kwenye zinki ya moto, ziwe umbali usiozidi mita 1.2, na moja ndani ya milimita 300 ya kila pembe na kila kiungo cha mbao. Ukizipachika kwenye zege bichi, zizame milimita 100 katika slabu ya 150 ili mguu wake usiguse nailoni chini. Toboa DPC kwa tundu dogo kuliko bolti, uisukume ishuke kwa nguvu, halafu zungushia mastiki kabla ya mbao kuteremka. Tundu la kukata kwa kisu, pana kama kiganja, ni dirisha la unyevu. Washa ziwe za mraba, milimita 50 kwa 50, ili nati isizame kwenye mbao.

Slabu ikiwa na mabonde, usiweke vipande vya mbao kuinua mbao ya chini. Tandaza mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 3 chini ya nailoni na DPC, kisha weka pima maji. Mchanganyiko huo ukiwa juu ya DPC, mbao imekaa tena kwenye kitu kinachofyonza maji.

Mbao ya chini yenyewe iwe imetiwa dawa kwa shinikizo. Kila inapokatwa, sehemu iliyokatwa ipakwe dawa upya, kwa sababu dawa ya kiwandani mara nyingi haifiki katikati ya mbao.

Mwisho ni upande wa nje, na wengi huufikia wakiwa wamechoka. Karatasi inayopumua ya ukutani, ile inayozuia maji lakini inapitisha mvuke, ishuke ipite DPC kwa milimita 50, ikiwa nje yake, jinsi bati la juu linavyolala juu ya bati la chini. Ikiingizwa nyuma ya DPC, kila tone linaloshuka ukutani litaletwa kwenye mbao ya chini. Mbao za nje zinazofunika ukuta zishuke angalau milimita 25 chini ya uso wa slabu, na ncha yake ibaki milimita 150 juu ya uwanja. Uwanja maana yake ni uwanja wa mwisho. Kabro (matofali ya zege ya kutandaza uwanjani) za milimita 60 na mchanga wake wa 50 zitaupandisha uwanja milimita 110. Slabu inayoonekana leo imeinuka vizuri kwa milimita 150, kabro zikija itabaki na 40. Inua slabu yako milimita 300 juu ya udongo wa sasa.

Habari za kazi. Mimi ni fundi, niko Kayole. Nimejaribu kubandika DPC kwenye nailoni kwa lami ya kupaka, lakini ikikauka inabanduka kama ganda. Silikoni nayo vilevile. Shida ni lami ya siku hizi au ni mimi? – Fundi, Kayole

Si wewe wala si lami, fundi. Nailoni ni polithini, na uso wake ni wa nta. Vitu vingi havishiki hapo. Lami huganda juu yake bila kuingia, na silikoni ni hivyohivyo. Kinachoshika ni tepu ya butili, ile laini kama ubani uliotafunwa, kwa sababu haitegemei kukauka. Inashika kwa kukandamizwa na inabaki laini miaka mingi.

Butili nayo ina masharti. Vumbi la saruji ndilo adui wake mkubwa. Futa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo, halafu kikavu. Usibandike asubuhi na mapema kama kuna umande, subiri jua lipande. Kandamiza kwa mgongo wa mwiko au roli ndogo ya mbao, usipige kwa kiganja tu. Kisha jaribu kubandua ncha: butili ikivutika nyuzi pande zote mbili, imeshika, ikitoka safi upande mmoja, upande huo ulikuwa na vumbi au unyevu, rudia.

Lami ina kazi yake, nayo ni kwenye zege na jiwe, na kwenye DPC ya lami yenyewe. Usiipake kwenye DPC ya plastiki ya PVC. Kemikali za lami huondoa ulaini wa plastiki hiyo, ikawa ngumu na kupasuka. Na lami iliyoyeyushwa kwa spiriti huyeyusha polistirini, kwa hiyo popote penye mabamba yake meupe ya kukinga joto tumia lami ya maji.

Mhariri, nina slabu ya zamani nyuma ya nyumba, Kahawa Sukari, iliyomwagwa kwa ajili ya kuegesha gari. Nataka kuongeza chumba cha mbao juu yake, kikiegemea ukuta wa mawe wa nyumba. Sijui kama waliweka nailoni. Nifanyeje? – Msomaji, Kahawa Sukari

Anza kwa kudhani haipo, kisha pima. Chukua nailoni isiyo na rangi, mita 1 kwa mita 1, ibandike kwenye slabu kwa tepu pande zote nne, sehemu isiyopigwa na jua, uiache saa 24 au hata 48. Matone yakiwa chini ya nailoni, au zege lililofunikwa likiwa limegeuka rangi kuwa jeusi zaidi, maji yanatoka kwenye slabu. Matone yakiwa juu, ni unyevu wa hewa. Fanya sehemu 3, moja karibu na ukingo. Fanya wakati wa mvua ikiwezekana, kwa kuwa jibu la Februari halikwambii kitu kuhusu Aprili. Chumvi nyeupe inayorudi juu ya zege kila unapoifagia ni ushahidi mwingine.

Ikiwa unyevu upo, huwezi tena kupita chini. Kinga italala juu ya slabu. Mpangilio ni uleule, umegeuzwa tu. Safisha mafuta ya gari yote, kwa sababu lami haishiki penye mafuta. Yaliyozama yakatwe kwa patasi na kuzibwa. Ziba nyufa. Kisha paka lami ya maji mipako 3, kila mpako ukikatiza ule uliotangulia, na kila mmoja ukiachwa ukauke kabisa kabla ya unaofuata. Anza na ukanda utakaolaliwa na mbao ya chini, paka upana wa milimita 300 na kushuka kwenye ubavu wa slabu. Laza DPC ya lami juu ya ukanda huo, funga mbao, simamisha ukuta, halafu paka sakafu iliyobaki ukipanda juu ya mkunjo wa ndani wa DPC kwa milimita 50. Hivyo ndivyo vitu viwili vinavyokuwa kimoja. Mpako wa mwisho ukiwa bado mbichi, unyunyizie mchanga mkavu wenye chembe kali ili skridi ipate pa kushika. Skridi isipungue milimita 50. Nyembamba zaidi juu ya lami hupasuka. Pima urefu wa mlango kabla hujaanza, maana sakafu inapanda.

Slabu ya gari huwa na mteremko wa kutoa maji. Hakikisha mteremko hauleti maji chumbani, na kama slabu ni pana kuliko chumba, soma jibu la barua inayofuata kwa makini.

Mahali nguzo ya mbao inapogusana na ukuta wa mawe wa nyumba, weka DPC ya kusimama, kutoka chini hadi juu, kati ya jiwe na nguzo, na mguu wake ulale juu ya DPC ya chini kwa milimita 150. Kiungo hiki husahauliwa karibu kila mara. Jiwe la ukuta wa zamani linaweza kuwa limelowa kutoka upande wa nje, na nguzo yako ya kwanza ikawa ndiyo ya kwanza kuoza.

Shikamoo Mhariri. Nyumba yetu ya mbao iko Embakasi, ina miaka 4. Kila mvua rangi ya ndani huvimba chini kabisa, kama kiganja kimoja kutoka sakafuni, na kuna harufu ya uvundo. Fundi mmoja anasema tubomoe sakafu, mwingine anasema tupake rangi ya kuzuia maji kwa ndani. Tufuate yupi? – Mama wa watoto watatu, Embakasi

Marahaba, Mama. Msimfuate yeyote kwanza. Hiyo rangi ya ndani msiipake kabisa, kwa sababu itafungia unyevu kwenye mbao na kuozesha haraka zaidi. Kabla ya kubomoa, tafuteni maji yanaingilia wapi, na ninyi wenyewe mnaweza kujua kwa kuangalia *lini*.

Mvua ikinyesha jioni na asubuhi rangi imevimba, maji yanaingia kwa ubavu. Yanayopanda kutoka ardhini hayana haraka hivyo. Huja baada ya wiki kadhaa za mvua na hukaa wiki kadhaa baada ya mvua kuisha. Kukiwa na unyevu asubuhi za baridi za Julai wakati hakuna mvua, huo ni mvuke wa ndani unaogandia sehemu baridi, na dawa yake ni kufungua madirisha na kusogeza makabati kutoka ukutani. Sehemu moja tu ikiwa mbaya, karibu na bafu, ni bomba.

Kwa maelezo yenu, "kila mvua", tunashuku ubavu. Tokeni nje mkaangalie chini ya ukuta. Je, slabu imetokeza mbele ya mbao za nje, hata kwa vidole viwili? Hilo ndilo kosa linaloharibu nyumba nyingi za mbao mjini: slabu inamwagwa pana kidogo "kwa usalama", ukuta unasimamishwa ndani yake, na kile kidaraja kinachobaki kinapokea maji yote yanayoteremka ukutani. Maji hukaa hapo na kutambaa chini ya mbao, juu ya DPC. DPC nzuri hapo inageuka kuwa bakuli.

Kikiwepo kidaraja, ng'oeni ubao wa nje wa chini kabisa. Wekeni bati bapa lililokunjwa: milimita 100 zipande nyuma ya karatasi inayopumua, lipite juu ya kidaraja likiinama kuelekea nje, na mdomo wake ushuke milimita 30 mbele ya ukingo wa slabu. Vipande vya bati vipandane milimita 100 na kuzibwa kwa butili. Ubao mpya uishie milimita 10 juu ya bati, usiligandamize. Kama kidaraja ni kipana kuliko milimita 100, kinolewe kwa mashine kiwe na mteremko kwanza. Angalieni pia gata, mfereji wa ukingo wa paa. Bila gata, maji ya paa hupiga uwanja na kuruka kwenye ukuta, na matope yaliyoganda kwenye mbao za nje yatawaonyesha yanaruka kwa kimo gani.

Halafu pimeni uharibifu. Chomeni mbao ya chini kwa bisibisi kila nusu mita. Ikizama bila kusukumwa kwa nguvu, mbao imeoza na lazima ibadilishwe, lakini hakuna haja ya kubomoa sakafu. Chagueni Januari na Februari, au Julai hadi Septemba. Ondoeni ubao wa ndani kwa kimo cha milimita 300 hivi, egemezeni nguzo kwa mbao na kabari ili zisishuke, kateni mbao ya chini kipande kisichozidi mita 1, ingizeni kipya kilichotiwa dawa pamoja na DPC mpya chini yake. Acheni ncha ya DPC ya milimita 150 kila upande ili ipandane na kipande kitakachofuata. Rukeni mita 1, fanyeni ile inayofuata, kisha mrudi kujaza. Vipande vifungwe kimoja kwa kingine kwa bati la chuma lenye matundu, na kila kipande kipate bolti zake 2. Kabla ya kufunika tena, mbao za zamani zilizobaki zikaushwe mpaka kipima unyevu kionyeshe chini ya asilimia 18. Kifaa hicho ni kidogo, na fundi wa fanicha wa karibu anaweza kuwa nacho.

Kama baada ya bati na gata bado unyevu unarudi polepole kila msimu, hapo ndipo swali la nailoni ya sakafu linarudi, na jibu letu kwa msomaji wa Kahawa Sukari litawafaa.

Je, nailoni na DPC zinazuia mchwa? Niko Karen, vichuguu vimejaa. – Msomaji, Karen

Hapana. Mchwa hupita kwenye kiungo kilicho wazi, na nailoni nyembamba huitafuna. Kinachosaidia ni bati bapa chini ya DPC, upana wote wa ukuta, likitokeza milimita 50 nje na kuinamishwa nyuzi 45 kuelekea chini, na viungo vyake vikiwa vimezibwa. Haliwaui mchwa. Linawalazimisha kujenga njia yao ya udongo kwa nje, mahali utakapoiona. Kwa hiyo usipande maua yakafunika ukingo wa slabu, usirundike kuni hapo, na uzunguke nyumba kwa tochi mara moja kila mwezi ukiangalia chini ya bati. Ukikuta njia ya udongo, usiikwangue kwanza; mwite mtu wa dawa aione inatokea wapi.

Bati likigusana na mbao iliyotiwa dawa ya shaba huliwa na kutu, kwa hiyo mpangilio kutoka chini uwe nailoni, bati, DPC, mbao, na butili kati ya nailoni na bati, na tena kati ya bati na DPC.